Siku Niliyofungwa Nguzo Moja na Mama Mkwe

Kuna aibu ambazo mtu huzificha hata kwa daktari, na hii yangu nimeificha miaka mingi (kuificha kwa watu wasioijua Kabati, kijijini kwa wakwe zangu, kwa maana Kabati nzima inaijua na huko sina wa kumficha), lakini leo kwa vile mmenichokoza na chai yangu yote mmemaliza, wacha niiseme yote, mcheke, mkimaliza kucheka mwende kwenu.

Ilikuwa miaka ya tisini, ile ya mwishomwisho, nami nilikuwa mwalimu wa kompyuta mjini Kitui, katika chuo kidogo cha vyumba viwili juu ya duka la misumari na mabati. Siku hizo ukisema unafundisha kompyuta watu walikutazama kama umetoka kuzungumza na gavana wa Benki Kuu. Nilivaa tai hata Jumamosi. Watu waliniletea saa zilizokufa, redio zilizokauka sauti, hata pasi ya makaa (mama mmoja, na alikasirika niliposema siwezi), nami badala ya kusema ukweli kwamba najua tu kuwasha mashine na kuandika barua, nilikuwa natikisa kichwa polepole na kusema, "Hii itataka kuangaliwa vizuri." Mimi ni mtu wa Makueni, na watu wa Kitui husema sisi wa Makueni tunajitia ujuaji. Siwezi kuwapinga, hasa baada ya siku ile.

Sasa, nilikuwa na mchumba, Mwende, msichana wa Kabati, mwalimu wa nasari, mwenye kicheko cha kuanzia puani. Tulikuwa tumeshapeleka ntheo, wale mbuzi wa kwanza wanaofunga mambo, kwa hiyo kwa Wakamba nilikuwa mkwe tayari, na ukiwa mkwe basi kuna nthoni. Nthoni ni heshima na haya kwa pamoja, na inakaa kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Hamkaribiani, hamshikani mkono, humwiti jina (mimi hadi leo jina lake silitaji, mtaniwia radhi, nitamwita Mama Mwende), na mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani ili mwingine apite. Kanisani walihubiri kwamba hayo ni mambo ya zamani, tumeokoka, sisi sote ni ndugu. Lakini Mchungaji mwenyewe aliyekuwa akihubiri hivyo, mama mkwe wake akitokea sokoni, alikuwa anakumbuka ghafla kwamba amesahau kitu nyumbani.

Kwa hiyo mimi na Mama Mwende tulikuwa tumekaa mwaka mzima bila kusemezana hata neno. Kila alichotaka kunieleza kilipitia kwa Mwende, na kila nilichotaka kumjibu kikarudi kwa njia hiyohiyo. Mama anasema asante kwa sukari. Mwambie mama nimefurahi. Mama anasema unyoe ndevu. Nilinyoa siku hiyohiyo, bila swali.

Basi Mama Mwende ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama pale kanisani, na wakarekodi nyimbo zao, wakatoa kaseti, ikapangwa siku ya kuizindua. Baba yake Mwende akanitumia ujumbe: kwa vile mkwe wetu ni mtu wa kompyuta, je, hawezi kuleta kompyuta iwaimbishe akina mama mbele ya watu? Nami nikaona mlango wa mbinguni umefunguka. Kwa sababu siku hiyohiyo, baada ya uzinduzi, wazee wa kwao walikuwa wakae na kuamua kama arusi yetu iwe Desemba, na kulikuwa na mmoja, baba mkubwa wa Mwende, Mzee Kimanzi, aliyekuwa na mashaka na mimi. Alikuwa amesema waziwazi kwamba kijana anayeketi mbele ya kioo siku nzima hana kazi. Nikajiambia, Mzee Kimanzi akiona kioo hicho kikiimba kwa sauti ya shemeji yake, maneno yatamwishia.

Nikapata rafiki wa kuniingizia nyimbo zote kwenye kompyuta. Kilichobaki ni spika. Zetu za chuo zilikuwa ndogo, sauti yake ni ya kumbembelezea mtoto mchanga. Jumamosi moja nikajiandaa kwenda Nairobi kununua nyingine, na Mwende akanisindikiza hadi stendi.

"Mama anasema ununue za waya," akaniambia.

"Za waya? Kwani kuna zingine?"

"Ziko zimekuja hazina waya. Sauti inapita kwa hewa. Mama anasema miale yake inapita ndani ya watu, na kwaya iko na wamama wako na mimba. Anasema hataki."

Mimi, mwalimu wa kompyuta mwenye tai, sikuwa nimesikia habari ya spika zisizo na waya, lakini nilitikisa kichwa changu polepole na kusema nilikuwa nafikiria jambo hilohilo. Siku hizo hofu hiyo ilikuwapo, tena si kwetu tu. Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kusikika, za mabwana wakubwa, na watu walisema zinachemsha ubongo, zinakausha maziwa ya ng'ombe, mwanamume akiiweka mfukoni mwa suruali hapati mtoto. Nami nilikuwa nataka watoto kama mtu yeyote.

Duka lenyewe nililiingia nikiwa nimekunja uso kama mnunuzi mkubwa. Mwenye duka alikuwa Mhindi mmoja mzee, mchangamfu, akaniwekea mezani spika mbili nyeusi, nzuri, na kisanduku chake kidogo.

"Hii mpya kabisa, rafiki. Hakuna waya. Weka kisanduku hapa, spika peleka hata kule mlangoni, imba tu."

"Na miale yake?" nikauliza.

"Miale gani?"

"Ile ya hewani. Mimi nataka za waya."

Akanitazama, akashusha pumzi, akazirudisha. "Sawa, chukua ya waya. Lakini waya mingi, shida mingi."

Nilicheka ndani kwa ndani. Nikanunua za waya, na kwa vile waya wake ulikuwa mfupi na kanisa letu ni refu, nikanunua na mviringo mzima wa waya mwembamba wa nyuzi mbili, ule mgumu usiokatika kwa meno. Ulikuwa mwingi kuliko haja, lakini nikakataa kuukata, nikisema utakaobaki nitautandaza nyumbani kwangu nikishaoa. (Ndiyo, niliwazia hata waya wa nyumba ya ndoa.)

Siku ikafika. Kanisa lilikuwa la mabati, na paa limeshikiliwa na safu mbili za nguzo za mti, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Jenereta ikawekwa nje ikinguruma. Meza yangu niliiweka mbele, upande wa wanawake, karibu na nguzo ya kwanza, spika moja hapo kwenye meza, na ya pili nikaipeleka upande wa wanaume juu ya kigoda, miguuni kabisa pa Mzee Kimanzi ili asikose hata neno. Waya ukakatiza njia ya katikati. Uliobaki, na ulikuwa mwingi kwelikweli, nikauacha umelala chini ya nguzo, mizunguko juu ya mizunguko.

Kisha wapanga viti wakaniuliza, je, kwaya ikiingia kwa njia ya katikati haitajikwaa kwenye waya? Nikaona ni swali zuri. Nikasema basi kwaya ipite pembeni, upande wa wanawake. Nikaendelea na kazi yangu. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, na jembe nilishika mwenyewe, kwa sababu pembeni upande wa wanawake ndipo meza yangu ilipokuwa, na mbele ya kwaya nani angetangulia? Haikunijia akilini hata kidogo.

Lakini kabla ya hapo nilipewa nafasi ya kusema machache kuhusu kompyuta, nami sikusema machache. Nilieleza miale. Nilieleza hewa. Niliinua waya juu watu wote wauone, nikasema, "Wako watu huko Nairobi wanatumia spika zisizo na waya, miale inapita mwilini. Sisi hapa tumechagua waya. Sauti inapita ndani, haitoki nje. Mama zetu mko salama kabisa." Akina mama wakapiga makofi, na hata Mzee Kimanzi nilimwona akiangalia ile spika miguuni pake kwa jicho la kuikubali. Nikarudi mezani nimevimba kifua.

Nikabonyeza. Kompyuta ikaimba! Sauti ya Mama Mwende ikatoka, ya juu, safi, wenzake wakiitikia, na watu wakapiga vigelegele hadi mabati yakatetemeka. Mlango ukafunguliwa, kwaya ikaingia, vitambaa vya buluu kichwani, wakicheza polepole, na mbele yao, amebeba kiondo kipya chenye kaseti ndani, akiwa ameinamisha macho kwa unyenyekevu, ni Mama Mwende, anakuja pembeni, upande wa wanawake, moja kwa moja hadi kwangu.

Damu ilinikauka. Mkwe hakai njiani. Nikatazama kushoto, ni ukuta. Mbele, ni yeye. Nyuma, ni meza. Imebaki nguzo. Nikasema nitazunguka nyuma ya nguzo nijifiche, apite. Nikaisogelea kinyumenyume kwa adabu, uso nikiwa nimeugeuza, na mguu wangu ukaingia katikati ya ile mizunguko ya waya.

Mama Mwende naye akainua macho, akaniona. Akafanya kama mama yeyote mwenye heshima zake angefanya: akavuta leso usoni, akageuka anikwepe, akapita upande wa pili wa ileile nguzo. Kwa hiyo mimi natokea huku, yeye anatokea kule, tunakutana nyuma. Aiya! Nikageuka mbio. Naye akageuka. Waya ukawa umenipanda hadi magotini, nikivuta mguu naupandisha, na huku kwake umemshika kiunoni, na kila mmoja wetu anakimbia mwenzake kwa heshima zote, tukizunguka nguzo ile kama mbuzi waliofungwa malishoni, na kila nilivyozidi kumheshimu ndivyo nilivyozidi kumkaribia. Nilisikia watu wakivuta pumzi kwa pamoja, nikadhani ni kwa sababu bado niko karibu mno, nikaongeza mwendo.

Tulipokoma, tulikoma kwa sababu waya ulikuwa umekwisha. Mimi nimebanwa mgongo kwenye nguzo, yeye bega lake limebanwa kwenye bega langu, kiondo katikati yetu. Spika ya Mzee Kimanzi ilikuwa imevutwa kutoka kwenye kigoda, imeburutwa sakafuni kanisa lote linaitazama, imekuja kusimama miguuni petu, bado inaimba peke yake, kwa maana ile ya mezani ilishaanguka ikakatika sauti. Mchungaji alikuwa ameikumbatia kompyuta isianguke. Na hakuna mtu, nasema hakuna hata mmoja, aliyesogea kutusaidia, kwa maana nani alijua utaratibu wake? Wazee walikuwa na utaratibu wa kila kitu, wa mbuzi, wa asali, wa mahari, lakini wa mkwe na mama mkwe kufungwa nguzo moja kanisani haukuwapo. Nilitamani ardhi ipasuke. Niliwaza Desemba yangu inavyokwenda, nikavuta mguu kwa nguvu.

"Usivute," sauti ikasema karibu na sikio langu. "Ukivuta unanikaza."

Hilo ndilo neno la kwanza Mama Mwende alilowahi kuniambia. Alinisemesha kwa Kiswahili, sijui kwa nini, labda Kikamba kingekuwa karibu zaidi na tulikuwa karibu vya kutosha.

"Pole, mama," nikasema, macho juu kwenye mabati.

"Simama tu. Pumua." Akapumua naye. Kisha, kwa sauti ya chini, "Lakini kijana, nani alikutuma kuleta waya yote hii?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi?"

"Ulisema nilete za waya. Kwa sababu ya miale. Wamama wako na mimba."

"Mimi nilisema mkwe alete chenye anaweza. Miale ni nini?"

Kisha, bila kuambizana, sote wawili tukageuza shingo zetu kwa shida, tukatazama safu ya kwaya, na pale, nyuma ya mama mmoja mnene, Mwende wangu alikuwa amefunika uso wote kwa kitabu cha nyimbo.

Hapo Mzee Kimanzi akasimama, akajikohoza. "Mwalimu alituambia waya ni salama," akasema, na upande wa wanaume mtu akaguna. "Mimi sicheki. Hii si jambo ndogo. Tangu nizaliwe sijaona mkwe na mama mkwe kwa kamba moja. Hii arusi ingoje kwanza. Wazee wakae, waulizane."

Nilimjua Mzee Kimanzi. Akisema wazee wakae, watakaa hadi mbuzi wa ntheo wapate wajukuu. Nilifungua mdomo nijitetee lakini mwanamume aliyefungwa kwenye nguzo hana hotuba.

"Ingoje nini?"

Ni Mama Mwende. Alisema kwa nguvu, kanisa zima lisikie, na mabega yetu yakatikisika pamoja.

"Shemeji, nakuuliza kwa heshima, ingoje nini? Huyu kijana nimemwona leo. Ameona nakuja, akatoka njiani. Nimemzunguka, akatoka tena. Amenikimbia kwa heshima mpaka amejifunga. Wewe unataka nthoni gani ingine? Desemba ni Desemba." Kisha akamgeukia Mchungaji. "Na ninyi mnangoja nini? Kuna makasi hapo ya kukata utepe. Njoo ukate."

Mchungaji akaacha kompyuta mikononi mwa mtu mwingine, akachukua yale makasi yaliyofungwa ua la karatasi, yaliyokuwa ya kukata utepe wa uzinduzi, akaja akitembea polepole kama anakwenda madhabahuni, akaukata waya. Spika iliyokuwa miguuni petu ikanyamaza katikati ya neno. Na Mama Mwende, leso imemwanguka, waya bado unaning'inia kiunoni, akalidaka neno lile kwa kinywa chake mwenyewe, akaendelea nalo pale lilipokatikia, na kwaya ikaitikia, na kanisa likaitikia, na hapo ndipo watu walipopata ruhusa ya kucheka, wakaimba wakicheka machozi, hata Mzee Kimanzi niliona kofia yake ikitikisika. Kaseti hiyo ndiyo pekee ninayoijua iliyozinduliwa kwa kukata waya.

Jioni nilimkuta Mwende nyuma ya jiko la kwao, nimekasirika kikweli.

"Ni mimi nilikuwa naogopa miale," akasema. "Si kwa kwaya. Kwa sisi. Hizo spika ungekuja kuziweka nyumbani kwetu, na mimi nataka watoto. Ningesema ni mimi ungenicheka, ungetikisa hiyo kichwa yako. Nikasema ni mama, kwa sababu mama huwezi kumuuliza."

Hasira ikanitoka palepale. Tulifunga ndoa Desemba, na watoto tulipata wanne.

Tangu siku hiyo Mama Mwende alinisemesha. Wakwe wengine wa Kabati waliendelea kuingia vichakani, lakini kuhusu sisi alisema, kumebaki nini cha kufichana, na njiani akiniona aliniita mwanawe kwa mbali, "Mwana wakwa, leo umekuja na waya?" Uzee ulipomfikia tulimnunulia simu ya mkononi (ndiyo, ile ya miale), naye hakumpigia Mwende kwanza, alinipigia mimi, kila asubuhi kabla sijanywa chai, kuuliza kama Kitui imenyesha. Nilimweleza mawingu yote. Simu ilikuwa inanipasha moto sikio, nami sikuiondoa hata siku moja. Sasa amelala Kabati, na asubuhi nikiamka huwa naishika simu nikaitazama tu. Namkumbuka mama yule kuliko ninavyoweza kuwaambia.

Fundisho nililopata ni hili, na nimeapa nalo: nikitaka kujua mtu anataka nini, naenda nikamuulize mwenyewe, hata kama ni mama mkwe, hata kama ni Mzee Kimanzi. Na nguzo siisogelei.

Mwezi uliopita binti yetu wa pili, aliyebeba jina la bibi yake, alimleta kijana wake nyumbani. Amebeba spika ndogo ya zawadi, haina waya hata wa dawa. Akasimama mlangoni, amemwona Mwende sebuleni, hajui aingie au akimbilie migombani. Nikamwambia, "Ingia, keti, msalimie. Ukitaka kumwambia kitu mwambie yeye." Kijana akashukuru, akainua mguu kuvuka kizingiti, kisha akausimamisha hewani na kuikagua sakafu yote, pembe hadi pembe, nami nikajua binti yangu ameshamhadithia.